Rangi ya Njano kwenye Buloni

Mwanangu, hebu weka hicho kisanduku chini kwanza, ukae. Nimekiona tangu ulipofungua mlango, na najua kilichomo. Kisanduku kama hicho kiliwahi kulala kwenye veranda hii hii, hapa Likasi, na siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Mama yako asisikie.

Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi yake nilikuwa namwoa huyo mama yako, Bibiche. Nilikuwa kijana mwenye motoka. Usicheke! Kijana mwenye motoka wakati ule alitembea kifua mbele hata akienda chooni. Ilikuwa nyekundu, ya mkono wa pili, na nilikuwa nimeinunua kwa Papa Kalenga, fundi mwenye gereji. Kila siku nilibeba watu nayo kwenda Kakontwe, kule kwenye machimbo ya chokaa, na hiyo ndiyo iliyonilisha na kunipa uso wa kwenda kuposa. Ingekufa, na mimi ningerudi kuwa mtembea kwa miguu, tena mwenye mke.

Sasa sikiliza habari ya garanti. Papa Kalenga hakuniandikia kitu. Alipiga mstari wa rangi ya njano kwenye kila buloni, yaani bolti, ya injini, nusu juu ya buloni, nusu juu ya chuma, ili mtu akizifungua ajulikane. Kisha akasema mbele ya shahidi kwamba injini ikifa kabla ya miezi sita, na rangi ikiwa nzima, ataweka nyingine kwa mfuko wake. Shahidi alikuwa Kambo Ngalula, bibi mzaa mama wa Bibiche. Familia ya msichana walitaka kujua ni motoka gani itakayombeba mtoto wao, wakamtuma yule mzee aje kusikiliza. Alisikiliza kweli! Alimfanya Papa Kalenga arudie maneno yote, halafu ndipo wakapeana mkono.

Lakini motoka ilikuwa imeanza kuchoka kupanda. Nyumbani kwa akina Bibiche ni Kambove, na kwenye mlima wa barabara ile watoto wenye ndoo kichwani walikuwa wanatupita huku wanatupungia. Na msafara wa harusi ungepita pale pale, bibi harusi ndani na shangazi zake wanene, honi zinalia, majirani wote barabarani. Nilikuwa nalala nikiota aibu hiyo.

Rafiki yangu Trésor ndiye aliyeleta dawa kutoka Lubumbashi, ndani ya kisanduku kama hicho chako: kompresa. Siyo ile ya kujaza matairi. Hii hufungwa kwenye injini, ikazungushwa na mkanda, na kazi yake ni kuisukumia injini hewa kwa nguvu ili ichome petroli zaidi, iende zaidi.

“Tukifunga hii,” Trésor akaniambia, “bantu ya Kambove batasema ndege imeshuka!”

“Na garanti?”

Trésor akachomoa mfukoni kopo dogo la rangi ya njano, akalitikisa mbele ya pua yangu. Nikampa spana. Unajua mtu anavyokuwa mwepesi akiwa anataka kitu.

Basi tukafungua kifuniko cha injini, sisi tunakiita kapo. Trésor alikuwa ndiyo kwanza anaweka spana juu ya buloni wakati Kambo Ngalula alipofika na beseni lake la mikate, ile midogo ya kukaanga. Alikuja kuangalia nyumba atakayokaa mjukuu wake. Alipoona motoka akasahau nyumba. Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akajirusha-rusha kidogo kujaribu kiti. Halafu akatoa kichwa dirishani.

“Munafanya nini apo?”

“Tunaipa nguvu, Kambo.”

“Na ile rangi ni ya nini?”

Trésor akaliokota lile kopo, akalificha ndani ya shati lake.

“Minye njo shahidi,” Kambo akasema akijigonga kifuani. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. “Kalenga alinipa mukono, minye nikamupa yangu. Mukifungua buloni na kupaka rangi ya uongo, ni minye munanifanya muntu wa uongo, na hii myaka yangu yote. Siko natoka umu mpaka Kalenga akuye.”

Akafunga mlango.

Eh, mwanangu, tulimbembeleza! Akala mkate. Tukambembeleza tena, akala mwingine. Nikamwambia, “Kambo, shuka basi, majirani wanaangalia.” Akasema, “Baangalie. Minye njo muke yako wa kwanza, Bibiche wa pili. Na muke wa kwanza anakaa mbele!” Akatoka nyuma, akahamia kiti cha mbele, akafunga tena. Mama wa kwaya waliokuwa wanatoka kwenye mazoezi wakasimama kuuliza kesi ni nini. Walipoelezwa wakaanza kumpigia makofi na kumwimbia, na mmoja akampitishia chai dirishani. Trésor naye alicheka akajisahau, kopo likafunguka, na tumbo lake lote likawa njano. Sijawahi kuona watu wakicheka namna ile nje ya nyumba yangu.

Nikampigia Papa Kalenga simu. Akaja kwa baiskeli, akainama, akapitisha kidole juu ya mistari yake yote. Ilikuwa bado mizima. Akatazama shati la Trésor, akacheka mpaka akashika kapo. Kisha akanigeukia mimi bila hasira.

“Motoka ni yako, mutoto wangu, siwezi kukukataza. Lakini nilikupa garanti ya hii injini vile ninaijua. Haikutengenezwa kwa kusukumiwa hewa. Moto utazidi, pistoni zitatoboka. Ukifunga hiyo kompresa, ahadi yangu imekwisha. Ikikufa, nitakuya kukupa pole tu.”

“Na kwa nini haukumuuliza yeye mbele ya kushika spana?” Kambo akasema kutoka kwenye kiti chake. “Anakaa mbali?”

Hilo ndilo lililonichoma, mwanangu. Papa Kalenga alikaa mtaa wa pili tu, na kila asubuhi tulisalimiana.

Nikamweleza habari ya mlima. Akauliza nabeba watu wapi. Nikasema Kakontwe. Akafungua boksi la chujio la hewa, ambalo hakulipaka rangi kwa sababu kulisafisha ni kazi ya mwenye motoka, akalitoa chujio na kuligonga kwenye tairi. Lo! Vumbi jeupe la machimbo likamwagika pale kama unga wa ugali.

“Umeikaba koo,” akasema, “halafu unataka kuisukumia hewa!”

Mama wa kwaya walianguka kwa kicheko. Kambo hakukubali kushuka hata hapo, akadai kwanza apandishwe mlima. Tukaenda wote, yeye mbele akipiga dashibodi kwa kiganja na kupiga kelele, “Twende, twende!” Na motoka ikapanda. Jumamosi ikapanda tena, na bibi harusi, na shangazi zake wote, honi zikilia.

Hadithi haijaisha. Kabla hata nguo za harusi hazijarudi kabatini, injini ilikufa kweli, kwa ugonjwa wake yenyewe, nikiwa na abiria kwenye njia ya kwenda Koni. Tuliivuta kwa kamba mpaka gereji. Bibiche alilia, na mimi nilitaka kulia. Kambo alikuja bila kuitwa, akasimama kando ya Papa Kalenga alipokuwa akitazama mstari mmoja baada ya mwingine.

“Rangi ni nzima,” Papa Kalenga akasema. Akaweka injini nyingine, kama alivyoahidi. Kambo akampa mkono, akanigeukia: “Unaona faida ya muke wa kwanza?”

Na Trésor? Aliijenga upya injini ya motoka yake mwenyewe, isiyokuwa na ahadi ya mtu yeyote, akafunga kompresa yake. Ilikimbia vizuri, alinipandisha nikapiga yowe. Kwa hiyo usiniambie nachukia hicho ulicholeta.

Ninachokuambia ni hiki. Yule mama aliyekuuzia gari amekupa garanti ya mwaka mzima, na siku hizi ni karatasi yenye muhuri. Isome. Lakini nyuma ya karatasi yuko mtu aliyeahidi jambo juu ya gari analolijua, na ukiligeuza, umempa gari asilolijua. Nenda kwake leo, kisanduku mkononi. Muulize ahadi yake itabaki au itakwisha, na kama itakwisha, ni kwa injini peke yake au kwa gari lote. Akikubali, akubali mbele ya mtu. Akikataa, ungoje mwaka uishe, au uiache ahadi yake ukiwa unajua unachoacha. Na kabla ya hayo yote ufungue chujio la hewa, maana na wewe unapita Kakontwe!

Haya, nenda. Mungu akupe injini inayoamka asubuhi na mlima unaopandika, na siku utakapotaka kufanya upumbavu, akupe mtu mmoja anayekupenda, akae ndani ya motoka yako na akatae kushuka.