Adla Agoma Kutia Saini

Kwa miaka thelathini na moja Adla Nakhle alikuwa opereta wa simu mjini Zahle, kazi ambayo wengine huongea na wewe unakaa kimya. Alichomeka waya, akasema "Haya, ongeeni," basi. Sasa ana miaka sitini na tisa na kitabu chake kimetoka. Hakutamani sifa wala maua. Alitaka watu wakae wamsikilize dakika kumi tu, maana tangu azaliwe hajawahi kuzipata.

Jumamosi saa kumi na moja jioni ukumbi wa sanaa wa Rimon ulifurika. Kwa furaha aliyokuwa nayo, Adla alishindwa hata kufunga mkufu wake. Walikuja majirani, padri, wanakwaya, hata daktari aliyemng'oa magego. Lakini aliwajua watu wake. Kwetu, kwenye hafla ya kutia saini kitabu mtu huenda kama anavyokwenda harusini au msibani, ili aonekane amefika. Unanunua nakala, unatiwa saini, unapigwa picha, unatafuna lozi za sukari, kwaheri. Kitabu kinakwenda kulala kabatini na vikombe vya wageni. Binamu zake wa mlimani walizidisha: kwa mazoea ya kutimiza wajibu, walileta shada la msibani lenye utepe wa zambarau ulioandikwa "Hatutakusahau".

Rimon, mwenye ukumbi, alipanga saini kwanza, kusoma baadaye.

"Baadaye nitamsomea nani?" Adla alimuuliza. "Hizo picha zako ukutani?"

Foleni ilishafika mlangoni. Wa kwanza alikuwa mukhtari Abu Tanios, mkuu wa mtaa, anaangalia saa.

"Haya, Bi Adla, niandikie chochote. Nina arobaini ya mtu saa kumi na mbili."

Adla akatumbukiza kalamu mkobani, akafunga zipu, akaukalia mkoba.

"Sitii saini hata moja mpaka nisome."

"We Adla, una wazimu?" akafoka binamu yake Labibe. "Miguu yangu imevimba!"

"Viti hivyo hapo. Keti."

"Na lozi?"

"Nikishasoma."

"Jamani, leo tumepatikana!"

Watu wakaangua kicheko, wakaketi shingo upande, kama wanafunzi waliokamatwa wakitoroka.

Akasoma. Sauti ilianza nyembamba, kisha ikakaa sawa. Kulikuwa na mama mmoja, hakumtaja jina, aliyekuja kila Ijumaa kumpigia mwanawe Brazil. Mwana alipokea mara chache, kisha akamwambia opereta, "Sema sipo." Adla akamwambia yule mama kwamba laini ni mbovu, ajaribu wiki ijayo. Alisema hivyo miaka minne. Ijumaa moja yule mama akafunga kitambaa chake kichwani, akasema, "Binti yangu, ahsante kwa hiyo laini mbovu." Hakurudi tena.

Kisha Labibe akasimama.

"Huyo ni mama yangu! Na huyo mwana ni kaka yetu Shukri!"

"Mama yako wapi!" akadakia Umm Ghattas, jirani. "Wa kwangu ndiye aliyekuwa akienda Ijumaa!"

"Wa kwako hata simu alikuwa anaiogopa!"

Wanawake wengine watatu wakaingilia, kila mmoja na mama yake na Ijumaa yake. Adla hakumtaja mtu. Walikuwa wamesikia kila neno.

Mukhtari akanyanyua mkono. Saa alishaisahau.

"Bi Adla, mimi nilikaa São Paulo miaka sita." "Mama yangu naye uliwahi kumwambia laini mbovu?"

Adla hakutaka kumdanganya, wala hakutaka kumvunja.

"Mara mbili, Abu Tanios. Ya tatu ulipokea."

Mukhtari akacheka huku anajifuta macho kwa kiganja.

"Soma nyingine," akasema.

"Eeh, soma!" Labibe akadakia. "Na nyie wa nyuma, midomo!"

Hakuna aliyeulizia kalamu. Adla akafungua ukurasa, lakini machozi yalikuwa yameshaingiza ukungu kwenye miwani, haoni hata herufi. Akaivua, akaifuta polepole kwa pindo la gauni. Ukumbi mzima ulikaa kimya ukimngoja.