Tulipigiana kura kwa zamu kwenye mtandao wa blockchain, mke wangu akaitwa mwizi

Wakuu, hamjambo.

Naandika nikiwa kwenye cherehani yangu hapa sokoni Oyugis. Mvua imefukuza wateja, nikaona niwape kisa kilichotokea nyumbani kwangu. Chumvi sitaongeza, maana mwenye kisa amekaa hapo mbele yangu na anajua kusoma.

Mwenye kisa ni mke wangu. Kwao ni Suna, upande wa Migori, ndiyo maana mimi humwita Nyar Suna, binti wa Suna. Yeye anauza mitumba, mimi ni fundi, napunguza suruali na kubadilisha zipu. Akiuza nguo isiyomtosha mtu, ananirushia mimi. Hata ndoa yetu inaenda hivyo, yeye anachagua na mimi narekebisha.

Sasa, Nyar Suna ana tabia moja. Akifungua belo la mitumba, kabla hata ya kutenga nguo safi na zile za fagia, za bei ya kutupa, anapekua mifuko. Huko anapata vitu. Tiketi ya basi ya nchi ambayo lugha yake hatuijui, picha ya mbwa, ganda la peremende.

Wenzake wanatupa. Yeye anakaa na kile kitu, anajiuliza mwenye koti alikuwa nani na alikuwa anaenda wapi, halafu anaandika. Wakuu, mke wangu anaandika vizuri. Sisemi kwa sababu ananipikia.

Alikuwa anaandika kwenye mtandao mmoja wa kijamii wa blockchain. Kwa wasioujua, unaweka post, watu wanaipigia kura, kura zinageuka sarafu za mtandao, zinazotoka kwenye fungu moja la wote. Hakuna bosi, hakuna matangazo. Tuliambiwa ni haki tupu.

Ila kura hazina uzito sawa. Mwenye sarafu nyingi kwenye akaunti, kura yake moja inakuinua. Sisi wachanga tunaweza kukupigia ukoo mzima na usipate hata ya kiberiti. Hao wazito wanaitwa nyangumi.

Tulikuwa watu sita tuliojuana kwenye mafunzo ya siku moja ya mtandao huo pale Migori mjini. Tukafungua group ya WhatsApp, na admin akawa Mzee Mwita, Mkuria wa kule Isebania, mjane wa miaka mingi anayefuga ng'ombe. Yeye ndiye mkubwa wetu. Ni kwa sababu yake group inaongea Kiswahili, la sivyo tungekuwa tunabwata Dholuo na kumwacha nje.

Post ya Mzee Mwita ilikuwa moja tu kila asubuhi. Picha ya kikombe cha chai na maneno "Habari ya asubuhi, Mungu awabariki." Kesho yake kikombe kilekile, maneno yaleyale. Nilikuwa namcheka mpaka napoteza sindano.

Nyar Suna hakucheka. Huyu mwanamke ni mweka hazina wa kila chama anachoingia, na hawezi kuona mtu amekaa mikono mitupu. Aliona post za wenzetu zinalala bila kura hata moja, roho ikamuuma.

"Si tufanye nyoluoro?" akasema.

Nyoluoro ni ile ya akina mama, leo tunamchangia huyu, kesho yule, mpaka kila mtu aguswe. Akaipanga kwa kura. Kila siku mmoja ana zamu, wote tunamwagia kura zetu kwake, awe ameandika nini au hajaandika nini.

Nikamuuliza, "Na kama mtu ameweka takataka?"

"Wuon Adhis, kwa chama unauliza mtu hiyo pesa ameenda kununua nini?"

Wuon Adhis ndiye mimi, baba wa mtoto wetu Adhis. Kwa akili ya hapa kwetu ilikuwa haki kabisa, na sioni mtu wa soko hili ambaye angeona kosa. Ilienda vizuri. Zamu ya Mzee Mwita, kikombe cha chai kilichangiwa kama harusi.

Halafu likaja jino.

Alilipata kwenye koti la mtoto, limefungwa kwa tishu. Jino la maziwa, dogo kuliko punje ya mahindi. Akaandika juu ya mama aliyelitia mfukoni akisema atalitunza akifika nyumbani, halafu maisha yakamshika, mtoto akakua, koti likatolewa. Akaandika vile Adhis wetu alirusha lake juu ya paa na vile yeye mwenyewe alitamani kulifuata. Niliisoma nikiwa nashona pindo, nikalishona pindo lote upande usiofaa.

Siku hiyo ilikuwa zamu yake. Sote tukapiga kura.

Kabla jua halijageuka, nyangumi mmoja akapita. Jina lake ni herufi na namba, nchi yake sijui. Alikuwa amefuatilia kura zetu, na kwenye blockchain hakuna siri, kila kura iko wazi milele. Akapiga post zetu zote kura za kushusha. Chai ya mzee, post zangu za vifungo vya nguo, na lile jino.

Post ya jino ikafifia, ikafichwa nyuma ya onyo. Chini yake akaandika kwa Kiingereza kwamba hili ni genge la kuiba zawadi za wengine, na mkuu wa genge ndiye huyu mama.

Nyar Suna aliisoma, akaniuliza, "Wuon Adhis, mimi ni mwizi?"

Mwanamke ambaye amebeba hazina za vyama vyote hivi na hajawahi kuulizwa hata shilingi. Wakuu, niliumia. Nilitaka kumwandikia yule mtu maneno ambayo moderator hapa hataniachia niyarudie.

Akanikataza. Lakini belo lililofuata alilifungua akapanga nguo moja kwa moja, mifuko hakugusa. Na lililofuata pia. Hapo ndipo niliogopa kweli. Pesa za mtandao zilikuwa za sukari na bando tu, zikikatika tutaishi. Ila mke wangu asiyepekua mifuko, huyo simjui.

Baadaye alijikaza akamwandikia nyangumi. Hakuomba msamaha na hakutukana. Alimweleza nyoluoro ni nini, kwamba ni yeye aliyeianzisha, na kwamba kama sheria ya hapo ni nyingine basi ataacha. Alipoiweka kama post, akachagua ile sehemu ya kukataa malipo, mtu asije akasema analilia kura.

Nyangumi akajibu. Kumbe alikuwa amerudi kusoma post zake zote za mifukoni. Akasema ni nzuri kuliko nyingi anazopigia kura, na zile kura zake za kushusha kwa post za mama ataziondoa. Ila atoke kwenye kile kikundi. Akitoka, atakuwa anampigia kura mara kwa mara. Kikundi kinamvuta chini.

Mimi nilikuwa tayari kuchinja kuku.

Nyar Suna akachukua yale maneno yote akayaweka kwenye group, bila kuficha. Mweka hazina hafichi. Mwisho akaandika, "Zamu tuache, huyo mtu ako na point. Lakini mimi siendi mahali."

Asubuhi nasikia kelele jikoni. "Wuololo! Wamenitoa!"

Kweli. Mzee Mwita alikuwa amemwondoa kwenye group. Akalia, akatukana, akasema Wakuria hawana shukrani. Simu yangu ikaingia sauti ya mzee:

"Fundi, mwambie mama asikasirike. Tumesikizana sisi wote, yeye hayuko. Huyo mama ako na kitu ya kuandika, na sisi tumemkalia tu. Wacha aende. Sisi tuko."

Nilimchezea ile sauti. Akasikiliza akiwa ameshika mwiko, akarudia kuisikiliza. Halafu akampigia mzee, akamgombeza kwa Dholuo, na mzee akamjibu kwa Kikuria. Hakuna aliyesikia lugha ya mwenzake, na nadhani hawajawahi kuelewana vile. Alipokata simu alikuwa analia na kucheka pamoja.

Siku hiyo alirudi kupekua mifuko. Niliona, nikajifanya natafuta uzi.

Nyangumi naye, alipoona kura za zamu zimekoma, alitimiza neno. Akaanza kumpigia kura, na post zake zikasomwa na watu wa mbali.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kuandika chochote, Nyar Suna alikuwa anafungua kile kikombe cha chai na kukipa kura. Si kura nzima kama zamani, ni kipande kidogo tu, maana mtandao unakuruhusu kuigawa. Nyangumi akaona, akauliza kama zamu zimerudi.

Mimi nikamwambia aache. "Huyu mtu atakukimbia kwa sababu ya chai?"

Hakunijibu mimi, alimjibu nyangumi. Akamwandikia kwamba si zamu. Huyu mzee anamsalimia kila siku, na kwao mtu akikusalimia unaitika.

Nyangumi akaacha kupiga kura. Post ya kwanza hakupiga, ya pili hakupiga, na zilizofuata pia. Nilikuwa nahangaika kuliko yeye. Yeye alipekua mifuko, akaandika, akaitika salamu.

Halafu asubuhi moja Mzee Mwita akaweka picha nyingine. Amesimama karibu na ng'ombe, mzee mzima na ndevu zake, amejifunga leso ya kike kiunoni. Akaandika kwamba huyu ng'ombe alizoea kukamuliwa na marehemu mke wake peke yake. Alipofariki, ng'ombe akakataa kila mkono. Mpaka siku mzee alipojaribu kuvaa leso yake, ng'ombe akatulia. Anaivaa mpaka leo. Akamaliza kwamba ameandika kwa sababu kuna binti anampa kura kila siku na ameona haya kumpa salamu tu.

Nyangumi hajaigusa hiyo post mpaka leo. Kwa Nyar Suna siku hizi anapita akipenda, siku nyingine hapiti.

Mimi niliisoma mpaka mwisho. Nikapiga kura yangu yote, na haikuwa zamu ya mtu.

Nilichojifunza ni kwamba yule nyangumi hakukosea kusema kura ya zamu inawaibia wanaoandika kwa jasho. Lakini mitambo yake yote ya kuhesabu isingeweza kumfanya Mzee Mwita aandike ile post. Mke wangu aliweza, kwa kipande cha kura, na nampenda kwa hilo kuliko nilivyompenda nikimtoa Suna.

Ameniuliza sasa hivi naandika nini muda wote huu. Nimemwambia nawauliza watu kama alifanya haki. Ameniambia niwaulize, lakini jibu analo.

Haya wakuu, ninyi mngepiga kura wapi?