Mama Alivyomwombea Mtoto wa Jirani Arudi Vitani

Ilianza Alhamisi, saa kumi na robo jioni, jumuiya ikiwa kwa jirani. Jumuiya yetu ya sala inazungukaga nyumba kwa nyumba, ila safari hii waliomba wenyewe iwe kwao, washukuru. Mtoto wao ameachiwa jeshini. Alikuwa Congo, kikosi kimoja na kaka yangu. Wamemrudisha kwa sababu baba yake amepooza na hakuna mwanaume mwingine wa kulima pamba na kuchunga ng'ombe.

Kaka yangu bado yuko huko.

Sisi baba hatunaye kabisa, alikufa nikiwa darasa la tano. Pamba yetu tunalima mimi na mama, na mimi niko form three. Basi nilikaa kwenye mkeka namwangalia yule kijana akigawa viti, na kila akicheka naumia. Mama yake alikuwa amepika samaki, sato wakubwa waliotoka Musoma asubuhi hiyo. Nikasema moyoni sili. Nikala.

Ikafika sehemu ya maombi, kila mtu anaomba lake kwa sauti. Mimi sijawahi kuomba, naonaga aibu. Mama akasimama.

"Tumwombee kijana wetu aliyerudi. Bwana umkumbushe kwamba zamu yake haijaisha. Arudi alikotoka, na wa kwangu aje apumzike. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wote wakaitikia. Tumeshazoea, mdomo unatangulia. Hata mama wa kijana aliitikia. Hata kijana mwenyewe, ameshika viti.

Mzee mmoja akauliza, "Sasa hapo tumeomba nini?"

Mwenyekiti wa jumuiya akakohoa. "Mama, hilo la jeshi ungelipeleka kwa mtendaji wa kijiji."

"Nimeenda. Amesema yeye anaandikishaga ng'ombe tu."

Mtu nyuma yangu alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Jirani," mama wa kijana akasema, "mimi sikumbembeleza mkubwa yeyote. Walimwita tu, wakamwambia nenda kwa baba yako."

"Wako ana baba wa kumwendea. Wangu hana, ndiyo abaki huko mpaka afe?"

Yule mama akapiga magoti, akamwombea kaka yangu arudi salama, akaomba mpaka sauti ikakatika. Nikaitikia na wenzangu, lakini kwa hasira. Ni rahisi kumwombea mtoto wa mwenzio wakati wako yuko hapo anakusanya sahani.

Tulirudi nyumbani.

Asubuhi ya Ijumaa nilivaa sare mapema, nikapitia kwao kabla ya shule. Kijana alikuwa zizini anakamua. Sijawahi kuongea naye hata siku moja. Nikasimama kwenye miiba ya uzio, nikauliza, "Kaka, kaka yangu anakulaga?"

"Anakula, mdogo wangu. Ananishindaga hata mimi."

Nilitaka aseme amekonda, nipate kumchukia vizuri. Akaendelea kwamba walikuwa hema moja, na kaka yangu akilala anawaitaga ng'ombe wetu mmoja mmoja, wenzake wanamcheka.

Hilo mimi silijui. Analijua jirani, mimi dada yake silijui. Nikamwonea wivu upya, mbaya kuliko wa jana.

Kengele ya shule ikasikika. Nikaweka begi chini, nikaingia zizini, nikamshikia ndama, nikamwambia anisimulie tena toka mwanzo.