Majina Mia Tatu ya Namikoko

Namikoko nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kampeni za mtandaoni, naye ni Alinafe Nkhoma. Miaka ishirini na sita, hajaolewa, simu ina ufa, mdomo hauna breki. Shirika la Sauti ya Mama lenye makao Blantyre lilimpa fulana na cheo. Ofisi alijitafutia mwenyewe: kiti cha plastiki nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, maana kusini mwa Malawi kote netiweki ina tabia zake, na ya Namikoko inapenda hapo tu.

"Afisa! Leo umemtoa rais gani madarakani?" wanawake wa mashineni walikuwa wakimtania, ndoo kichwani.

"Leo napumzika, mama. Kesho namtoa mumeo."

Maisha yalikwenda hivyo mpaka karatasi ilipobandikwa mlangoni mwa zahanati. Halmashauri ya wilaya inamhamisha Sista Lyness, mkunga pekee, aende ng'ambo ya mto. Zahanati itabaki na mlinzi na mizani. Mwenye pingamizi alete majina mia tatu ya wakazi kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Alinafe alisoma ile karatasi mara mbili, kisha akaenda moja kwa moja kwa dada yake.

Tiyamike alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya tatu hiyo. Mbili za mwanzo alijifungulia nyumbani, mikononi mwa bibi mmoja mkunga wa jadi, Sista Lyness akiwa hajaletwa bado, na watoto wote wawili hawakulia. Safari hii kila Jumatano alikwenda zahanati, Sista akaweka kile kifaa chake tumboni, akasikiliza, akasema, "Huyu ana fujo. Huyu tutamsikia."

"Wanamhamisha lini?" Tiyamike aliuliza.

"Hawamhamishi. Kwani mimi niko wapi?"

"Nyuma ya mashine ya unga."

"Dada, na wewe! Nipe wiki moja."

Akaanza na linki ya kutia saini mtandaoni. Watu wakaisambaza, na ndani ya siku nne zikapatikana saini elfu tisa. Kanada, Brazili, mzee mmoja wa Norwei aliyeandika kwamba analia. Mkurugenzi wa Sauti ya Mama akapiga simu kutoka Blantyre akishangilia kama mtu aliyefunga goli. Namikoko kwenyewe zilipatikana kumi na moja, maana watu huku wananunua bando la WhatsApp tu. Ukibonyeza linki inazunguka, inazunguka, mpaka unaamua kwenda kulima.

Na Brazili hawakai Namikoko.

Basi akahamia kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Akatengeneza picha nzuri, Sista Lyness kambeba mtoto, anacheka. Tangazo la halmashauri lilisema majina yawe kamili, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Alinafe alipoyaweka maneno hayo yakamfunika mtoto uso. Akayafuta. Akaandika kwa herufi kubwa za njano: ANDIKA JINA LAKO, SISTA ABAKI!

Picha ikashika moto. Watu walinakili orodha, wakaongeza jina, wakairusha tena. Mpuuzi mmoja akamwandikisha mchezaji wa Arsenali, akatukanwa, akaombewa, akatolewa kwenye kundi. Kufika Jumatano jioni majina yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Alinafe alicheza mbele ya wateja wa mashine bila muziki.

Alhamisi asubuhi akayachapisha, akapanda baiskeli ya abiria, akafika ofisi ya halmashauri kabla haijafunguliwa. Karani, Bwana Masamba, mtu mpole wa miwani mizito, akachukua kalamu nyekundu.

"Mama Chifundo," akasoma. "Huyu ni nani?"

"Yule wa karibu na kanisa."

"Na huyu Mama Chifundo?"

"Huyo wa kisimani."

"Binti, hapa nina Mama Chifundo kumi na wanane. Mama Junia ishirini na tatu. Kuna Mama Mapacha. Kuna mtu anaitwa Kipenzi cha Mungu."

"Ni mwalimu huyo, bwana. Mtu wa heshima kabisa."

"Sijakataa. Ila kwenye daftari la wakazi hayupo." Kalamu ikapita. "Mimi mwenyewe mke wangu namwita Mama Taonga. Nakuelewa. Lakini faili hili likipanda juu hivi, watalirudisha."

Hapo ndipo Alinafe alipoliona kosa lake. Huku mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini. Ukimwita la kuzaliwa, tuseme Elube, mbele za watu umemvua nguo. Wale wanawake waliandika jina lao, kama alivyowaambia, na ndilo walilo nalo.

Karani akafika ukurasa wa mwisho, akatulia.

"Tiyamike Nkhoma. Huyu sasa ndiye kaandika inavyotakiwa. Ungewaambia wote waandike kama huyu."

Tiyamike aliandika hivyo kwa sababu hana mtoto wa kumpa jina la Mama Fulani.

Yaliyopona yalikuwa mia moja na kumi na nane, mengi ya wanaume. Akarudi mbio. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi, akaomba radhi, akaeleza. Majibu yalikuja haraka: mikono ya kuomba, maua, Amina, Amina. Majina, matatu.

Basi akaanza nyumba kwa nyumba na daftari.

"Jina langu la kuzaliwa?" Mama Chifundo wa kisimani alisimamisha mwiko ndani ya ugali wa nsima. "Wa mwisho kuniita hilo alikuwa mama yangu, na yuko makaburini. Wewe unalitaka la nini?"

"Ni la karani tu, mama. Sista abaki."

"Mmh. Mwaka juzi walikuja hivihivi kuandika majina ya mbolea. Niliiona mbolea mimi?"

"Mama, nakuomba kwa magoti."

"Magoti yako hayanihusu. Subiri mume wangu arudi."

Wa pili alicheka mpaka akakaa chini. "Haki nimelisahau! We Junia, njoo, kamuulize bibi yako mimi naitwa nani!" Huyo alipatikana. Wa tatu alifunga mlango. Wa nne alitoa jina, halafu akamfuata mpaka barabarani, mtoto mgongoni, akaomba lifutwe, maana wakwe wamesikia.

Ijumaa aliamka na jogoo, akaendelea mpaka miguu ikagoma. Saa sita kasoro dakika tano alikuwa mezani kwa Bwana Masamba, anahema, kitenge kimejaa vumbi.

Karani alihesabu, akarudia, polepole, kama mtu anayetafuta hela kwenye mfuko ambao anajua ni mtupu.

"Mia mbili sitini na tatu."

"Bwana, nipe mpaka saa tisa."

"Gari la barua linaondoka sasa hivi."

"Wengine wako njiani."

"Wako njiani?"

Alinafe aliangalia sakafu. "Hapana."

Bwana Masamba alivua miwani, akaisafisha kwa shati, akaivaa tena. Faili halikupanda garini.

Jumatatu Sista Lyness alipakia godoro na sufuria zake kwenye pikapu. Wanawake walikuja na mahindi ya kuchoma, wakaimba, wakalia sana. Mama Chifundo wa kisimani ndiye aliyelia kuliko wote. Siku hiyohiyo mkurugenzi akaandika: kampeni imewafikia watu elfu arobaini na moja, hongera sana, wafadhili wamefurahi, tuandikie kurasa mbili za mafanikio.

Alinafe alizima simu, akaenda kwa dada yake. Alimkuta anapepeta mahindi.

"Twende hospitali ya wilaya ukasubirie huko," akasema. "Wana banda la wajawazito."

"Miezi miwili? Nani atavuna? Nani atanipikia huko?"

"Mimi."

"Wewe hata dagaa wa usipa unawaunguza." Tiyamike aliendelea kupepeta. Pumba ziliruka, zikamtua tumboni, akazipangusa. "Nimeshaongea na yule bibi wa zamani. Amesema atakuja."

"Yule yule?"

"Kuna mwingine?"

Alinafe alivuta kinu kilichokuwa karibu, akakaa juu yake, akachukua ungo wa pili.