Sinia la Sisimizi

Nakumbuka alasiri moja ya miaka ya themanini, hapa kwetu Mambrui, nilipodhani nimewajua sisimizi. Mwalimu wa sayansi alitutuma tukachunguze nyumbani wanapenda chakula gani. Nikatwaa sinia, nikapanga sukari, tende na kipande cha ng'onda, yaani samaki mkavu, nikaliweka kando ya ufa wa ukuta. Wakatoka, wakamvamia samaki. Sukari hawakuigusa.

Wiki ile Shangazi Mwanakheri alikuwa akipika visheti, vile vitamu vya unga na sukari, vya harusi ya bintiye. Miguu ya meza aliisimamisha katika makopo ya maji, sisimizi wasipande. Nikamwambia hawataki sukari hao, nimewajaribu.

"Kama umehakikisha, yaondoe makopo," akasema. "Watu wanajikwaa."

Nikayaondoa. Asubuhi ya harusi visheti vilikuwa vyeusi kwa sisimizi.

Mwanangu, Shangazi hakunifokea. Aliniuliza tu, "Samaki ulimweka upande gani, bwana mwalimu?"

"Upande wa ufa."

"Nawe ukikaa siniani na watu, huanza kula wapi?"

"Mbele yangu."

"Basi wenzio wana adabu. Wamekula kilicho mbele yao. Sinia ulilizungusha?"

Sikulizungusha. Bibi harusi, mikono imejaa hina mbichi, alinitazama asiweze kusaidia. Nikakanda unga hadi mgongo ukakataa, na visheti vya pili vilitoka jikoni wageni wamekwisha kuketi.

Harusi ilipopita nikazungusha. Sukari ikawa ufani, wakala sukari. Nikasema nimepata. Kesho yake wakaipita, wakamfuata samaki upande wa pili. Mara tende. Mvua iliponyesha hawakuja kabisa. Mwalimu akasema jibu ni sukari, niandike hivyo. Shangazi akasema, "Wewe jana ulitaka wali, leo wataka mkate. Nani aliyekuuliza sababu?" Nimejisomea vitabu vingi tangu hapo, na bado sijui vyema.

Usilolijua, mwanangu, ni usiku wa kiza, lakini ulidhanilo unalijua ndilo linalokuangusha. Ukiona mtu amechagua jambo, tazama kwanza aliwekewa nini mbele yake. Geuza, ungoje, utazame tena, hasa ikiwa kosa lako litalipwa na mwingine. Na ukibaki huelewi, sema huelewi, si aibu.

Mola akujaalie subira ya kutazama mara ya pili, akuepushe na uhakika wa mara ya kwanza.