Dawa Baridi kwa Chai ya Moto

Sauti ninayoikumbuka vizuri mpaka leo ni ya vidonge vya aspirini ndani ya kopo kubwa: chwaa, chwaa. Nilikuwa nalitikisa ili nisikie chochote mle dukani, maana wateja hawakuja. Shangazi aliniita kutoka Mbulu nije kijijini kwake Hirbadaw, Hanang, nilipomaliza darasa la saba, akaniachia duka, mwenyewe akawa anashinda Arusha kutafuta dawa za kuuza. Nilifurahi sana, nikajiona daktari tayari. Kumbe daktari asiye na mgonjwa hana hata wa kumsalimia.

Ukutani paliandikwa DUKA LA DAWA BARIDI, yaani dawa ndogo ndogo za kununua bila cheti cha daktari. Lakini sisi wa huku Kiswahili tulikikuta shuleni, na baridi ya Hanang tunaijua kwenye mifupa. Watu wakaelewa ni dawa iliyopoa, isiyo na nguvu. Wakanipita, wakavuka barabara kwenda zahanati kuomba sindano.

Mganga wa zahanati, aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, alikuwa peke yake. Siku moja alikuja kununua plasta, akaniambia, "Mdogo wangu, kila anayenijia na kichwa tu anakula muda wa mgonjwa na dawa ya serikali. Duka lako likipata watu, ni kama nimeongezewa muuguzi."

Maneno hayo nilishinda nayo wiki nzima. Sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Ulipofika msimu wa kuvuna, vibarua wa mashamba ya ngano ya serikali walijaa zahanati, wengi wakiumwa viuno na vichwa tu. Asubuhi moja nikamwona mama mgeni amesimama mwisho kabisa wa foleni, mtoto mgongoni, shingo imelegea. Nikavuka, nikamgusa yule mtoto. Anawaka. Nikawaomba watu wampishe.

"Tumeamka na majogoo sisi," akanijibu mmoja.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa babu aliyejifunga shuka kichwani.

"Shikamoo babu. Unaumwa nini?"

"Marahaba. Kichwa."

"Dawa ipo dukani kwangu."

"Ile baridi? Mimi hapa natetemeka, wewe unataka kuniongeza baridi? Kaipeleke kwanza jikoni ipate moto!"

Foleni nzima ikacheka. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka nao. Halafu nikakimbia, nikarudi na kopo la aspirini na birika la chai iliyokuwa bado inachemka.

"Umekula, babu? Tumboni huna vidonda?"

"Nimekula. Tumbo zima kabisa."

"Basi hii hapa, imetoka jikoni."

Akameza. Chai ikamchoma ulimi, macho yakamtoka, akageukia wenzake: "Sasa hii ndiyo dawa!"

Wenye vichwa na viuno wakahamia kwangu. Mama mwingine aliyekohoa wiki tatu nilimwambia asitoke kwenye foleni, kikohozi hicho ni cha mganga. Chai ikaisha, nikachemsha nyingine. Mganga alipochungulia mlangoni akakuta watu wachache tu, akamwona yule mama mwenye mtoto, akamwita aingie upesi.

Ilipofika mchana watu wote wakaondoka, duka likanyamaza tena.

Jioni mama wa mtoto akatoka zahanati. Mtoto analia kwa nguvu, kilio cha njaa, si cha homa. Akapita mbele ya duka akiwahi lori la shamba. Asubuhi hakuwa ameniangalia hata usoni. Nikasimama mlangoni nikampungia mkono, nikaendelea kumpungia mpaka akakata kona, ingawa hakugeuka.