Mchaichai Kidogo, na Asali ya Njoro

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Nyuki wa Wilaya hakunipa kiti wala kalamu. Alinipeleka nyuma ya ofisi pale Nakuru, akachuma majani ya mchaichai, akayasugua viganjani, halafu akaniwekea mikono yake puani.

"Nusa. Unasikia nini?"

"Chai, bwana."

"Wewe unasikia chai. Nyuki anasikia wenzake wakimwita nyumbani."

Nyinyi vijana mnaofuga nyuki kwa kununua kila kitu, hebu nisikilizeni. Nyuki wakihama huruka kwa kundi moja kubwa tunaloliita bumba. Kabla ya bumba kuhamia popote, hutuma wapelelezi watafute shimo linalofaa. Mpelelezi akiridhika, huinua mkia mlangoni, akapepea mabawa na kutoa harufu ya kuwaita wengine. Harufu hiyo inakaribiana sana na ya mchaichai. Kwa hiyo unapaka nta ya zamani ndani ya mzinga mtupu, unasugua mlango wake na majani machache, unautundika pahali penye kivuli, kisha unaenda zako.

"Machache!" Afisa alikuwa akifoka mtu akizidisha. "Unaita mgeni, hutibu mafua!"

Niliwafundisha hayo wakulima wa upande wa Bahati kwa miaka mingi, shamba kwa shamba, mpaka watu wakaacha kuniita kwa jina langu wakawa wananiita Mwalimu wa Nyuki. Baadaye nikahamishiwa Mai Mahiu, chini ya Mkuu wa Kituo cha Nyuki aliyekuwa mama mfupi, mkali, tuliyemwita Madam. Huyo alinifundisha leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu yanayonukia kama dawa ya kifua. Mzinga wa zamani ukiingiliwa na siafu au nondo wanaokula nta, alikuwa akichoma leleshwa ndani yake, moshi ukawatimua. Kisha aliuacha mzinga upoe na kupigwa na upepo kabla ya kuupaka mchaichai. Kitu kimoja hakukivumilia: mtu wa kwenda kuchungulia mtego kila mara.

"Wewe ukichumbia msichana," aliniuliza, "unapiga hodi kwao kila asubuhi?"

Hapo Mai Mahiu pia ndipo nilipojifanyia maadui. Kando ya barabara ya malori, watu waliuza sukari iliyochemshwa, wametia kipande cha sega juu ili idanganye macho. Nilikuwa nikisimama mbele ya vibanda vyao na kuwaambia madereva kwa sauti, "Hii si asali, hii ni chai bila majani!" Nilifurahia sana kusikika, na leo nikikumbuka sauti yangu naona haya.

Nilipostaafu, wenzangu walinipa mizinga miwili mipya. Niliitundika kwenye shamba langu dogo la Bahati na kumwambia kila mtu angoje asali. Mwaka huohuo mwanangu Njoroge akapata mchumba, Wanjiku, binti wa Mzee Gitau wa Njoro. Mnajua kwetu mahari haiendi bila asali. Zamani ilikuwa pombe ya asali; sisi watu wa kanisa tumeiacha pombe, lakini asali yenyewe lazima ipelekwe, na wazee wa upande wa msichana lazima waionje. Nikatuma ujumbe Njoro, kwa kifua mbele, kwamba asali itatoka kwenye mizinga yangu mwenyewe.

Bumba halikuja. Wapelelezi walikuja, wakazunguka mlangoni, wakaondoka. Siku ya mahari ikikaribia nikashikwa na wasiwasi, nami nikafanya kile nilichowakataza watu maisha yangu yote. Nilisugua mchaichai kila asubuhi. Nikaongeza mrehani. Nikanunua mjini kichupa cha mafuta ya mchaichai, nikamimina chote ndani. Harufu ikizidi namna hiyo, haimwiti nyuki tena, humfukuza. Nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote Bahati nzima.

Mke wangu alikuja akasimama mbali na ile mizinga. "Baba Njoroge, hata mimi siwezi ingia huko. Kunanuka kama saluni."

Mganga hajigangi, lakini mganga mwerevu humwendea mganga mwingine. Wakulima wangu wa Bahati wangenipa asali kwa furaha. Tatizo ni kwamba wangejua mizinga ya Mwalimu ni mitupu, nami sikuweza kuvumilia hilo. Nikashuka mpaka Mai Mahiu, nikijua wauzaji wa siku zangu wameshaondoka.

"Hii ni pure, mzee," kijana wa kibanda aliniambia. "Nyuki ni zetu, ziko hapo juu tu kwa mteremko, kwa escarpment."

Nilionja. Ulimi wangu ulinieleza ukweli papo hapo. Nikanunua hata hivyo, nikijidanganya kwamba Njoro hawatajua.

Siku yenyewe msemaji wetu alinisifu mpaka nikavimba kichwa. Akaniita daktari wa nyuki. Mtungi ukafunguliwa, mjomba wa Wanjiku, mzee asiye na meno lakini mwenye ulimi, akaonja kijiko kimoja. Akaonja tena.

"Daktari," akasema, "nyuki zako zinalima miwa?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake jikoni kikaja mpaka kwenye hema. Kisha kikakatika, maana watu walikumbuka kwamba hilo ni jambo zito: kupeleka asali ya uongo ni kuwadharau wakwe. Njoroge alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee Gitau aliinuka taratibu. "Mkwe, kuja unisaidie kitu huku nyuma."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mzinga juu ya nguzo mbili, unavuma. Mlangoni pake palikuwa na alama ya kijani iliyokauka, ndogo kama ukucha.

"Hunikumbuki," alisema. "Nilikuwa kibarua Bahati ile siku ulifundisha pale shule. Ulituambia kidogo tu."

Akaingia stoo, akarudi na mkebe wa asali.

"Beba wewe. Pitia mlango wa mbele. Mimi nitawaambia ule mtungi ulibadilishwa kwa gari."

"Mzee, siwezi."

"Watoto wamengoja vya kutosha, mwalimu. Beba."

Nikabeba. Mjomba akaonja, akafunga macho, akainua kijiko juu, na watu wakanipigia makofi. Njoroge alikuwa akipiga kuliko wote. Aibu ya kuchekwa niliiweza, ikapita. Ile ya makofi ninayo mpaka leo, na nikisikia watu wakishangilia mahali popote, uso wangu huwaka.

Niliosha ile mizinga, nikaichomea leleshwa ndani, nikaiacha ipigwe na upepo msimu mzima. Kisha majani machache, mara moja, nikaenda zangu. Bumba likaingia wakati siangalii, kama Madam alivyosema.

Asali ya kwanza sikuionja. Niliipeleka Njoro. Mzee Gitau alikuwa akiwatilia ng'ombe maji, akashangaa kuniona nikitokea upande wa stoo, mkebe wake mkononi.

"Mkwe! Mbona unapitia nyuma kama mwizi?"

"Kwa mbele," nikamwambia, "nilishapita na yako."